Glasi ya Maji, Ghorofa ya Pili

Ujumbe uliingia alfajiri: "Fundi Namkuna, njoo Chikongola.
Wapangaji wanahama."
Mwenye nyumba hanipigii tena simu, anaandika.
Anajua masikio yangu niliyaacha kiwandani,
miaka kumi na mmoja kando ya mashine ya kubangua.
Korosho zilipewa stakabadhi.
Masikio, hapana.

Nilikuta pampu ghorofa ya tatu
imevishwa magodoro mawili, kama mzazi mwenye homa.
"Tumeifunika," akasema mlinzi Chitanda kwa mikono na midomo,
"lakini wapi!"
Kelele ya hewani ndiyo inayoogopa godoro.
Hii haina mabawa,
hii inatembea kwa miguu.

Nikashuka kwa Bi Somoe, chini yake,
nikamwomba glasi ya maji. Akadhani nina kiu.
Nikaiweka sakafuni, nikapiga magoti.
Maji yalikuwa yanajichora:
duara ndani ya duara ndani ya duara.
Nikabandika kiganja ukutani. Ukuta unasaga meno.
Nikashika bomba. Linatetemeka
kama mkono wa mtu anayetia sahihi mkopo.

Akanifungulia kabati. Kila kikombe
amekitenga na jirani yake kwa kipande cha kanga kuukuu,
maana saa tisa za usiku, shinikizo likishuka,
pampu hujiwasha yenyewe
na vyombo huanza kusengenyana.
Mjukuu wake amezoea kulala kiganja sikioni;
asubuhi mkono umekufa ganzi,
anaandikia wa kushoto.

Husemwa ngoma ikivuma sana hupasuka.
Hii imevuma misimu minne ya korosho.
Haijapasuka. Inapasua watu.

Nikamwandikia mwenye nyumba:
Jengo lako ni ngoma. Zege ndiyo ngozi.
Pampu umeikaza kwa boliti nne juu ya ngozi,
kisha unawalaumu wanaosikia mdundo.
Akajibu: Bei gani?

Tukakata boliti. Tukamwaga kitako kizito,
kwa sababu chepesi hurukaruka hovyo,
tukakiinua juu ya springi nne.
Za kwanza zilikuwa ngumu, za lori;
kitako kikakaa juu yake kama juu ya mwamba
na maji ya glasi yakaendelea kuchora.
Nikarudi sokoni, nikazibonyeza moja moja kwa kisigino,
nikitafuta zinazokubali kuinama.
Kinachobeba sharti kizame kidogo.
Kisichozama hupitisha yote kama kilivyopewa.

Bomba nalo tukalikata, tukaunga kipande cha mpira katikati,
tukalining'iniza mbali na ukuta,
na pale linapotoboa zege
tukaliachia nafasi ya kupumua.

Tukawasha.
Glasi: duara ndani ya duara.

Chitanda alinitazama kama anayetazama pesa yake ikizama.
Nikalala kifudifudi na tochi, shavu kwenye vumbi,
nikapitisha waya chini ya kitako,
upande wa kwanza, wa pili, wa tatu.
Upande wa nne ukagoma.
Kokoto moja. Ukubwa wa punje ya mbaazi,
imebana kati ya kitako na sakafu,
inavusha mzigo wote mgongoni,
peke yake.
Nikaichomoa. Bado iko kwenye droo yangu.

Usiku ule nilibaki, nimekaa mkekani kwa Bi Somoe,
glasi kati yetu, taa ya chemli pembeni.
Saa tisa na dakika sita Chitanda akamulika tochi dirishani:
imewaka.
Maji hayakusema kitu.
Mtoto alikuwa amelala, mikono yote miwili tumboni.

Kichwani mwangu mashine ya korosho iliendelea na zamu yake.
Ile sijui boliti zake ziko wapi.

Bi Somoe akainama, akaniambia neno fupi.
Midomo yake ilisema ama "ahsante" ama "chai ipo".
Nikaitikia kwa kichwa,
nikasubiri kuona kama ataleta kikombe.