Ngoma za Nyuma

Fundi Bundala haiamini jeki hata siku moja.
Ameipandisha Datsun juu ya mawe mawili ya Mabatini.
Mawe huku hatununui, tunayakuta yamekaa,
nyumba ndizo huomba nafasi katikati yake.
Makalio ya gari juu, magurudumu yameegemea ukuta.
Ni jekundu bado, ukilikuta asubuhi;
mchana ni rangi ya tofali.

"Mbele lina diski, lilizaliwa nazo," anasema.
"Nyuma lina ngoma. Mbele panashika, nyuma panabembeleza.
Dada, gari la mbio halisimamishwi kwa kubembeleza."

Nimekuja na boksi kutoka Dar:
diski mbili, kalipa mbili kuukuu zilizopakwa rangi,
na breketi za kuchongesha kule Nyakato kwa mzee Patwa,
aliyepima mara tatu, akanitoza mara nne.

Ngoma ya kushoto haikutaka kutoka.
Salu akaweka ubao, akapiga nyundo, dum, dum,
Bundala akacheka: "Hii ni ya Wagika,
haiachi uwanja mpaka Wagalu wachoke."
Ikaachia ghafla. Vumbi jeusi.
Buibui mmoja, mwenye nyumba.
Kisha fundi akanyamaza.

Akainua breki shuu, akaigeuza kwenye mwanga.
Haikuwa laining ile. Ulikuwa mkanda,
mkanda wa mashine, mpira na turubai,
umekatwa kwa kisu, ukapigiliwa ribiti za shaba
na mkono usio wa fundi, ila wenye subira.
Pembeni zimenasa nyuzi za pamba.

Mkono ule naujua.
Uliandika madaftari ya kinu cha pamba,
saba zake zote zimefungwa mkanda kiunoni.
Mwaka themanini na tatu, nadhani, au na nne:
sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali,
breki shuu za Datsun kwa ndoto.

Na sisi, mimi na Lufunga, tumepakatana kiti cha kushoto,
tukifa kwa aibu:
gari la mbio linashuka Bugando kwa gia namba moja,
baiskeli ya mkaa inatupita,
mwenye mkaa anatupungia mkono!
"Baba, kanyaga!"
"Nataka mlione ziwa."
Ziwa! Tulikuwa tunaliona kila siku, tunalioga, tunalinywa.

Shuleni walimwita Kobe Mwekundu.
Mama alimwita mwungwana.
Mwoga hakuitwa na mtu, ila na mimi,
mara moja, nikiwa na miaka kumi na mitano.
Hakujibu. Alishusha gia.

"Dada, tufunge?"
Tukafunga. Nikakaa kwenye kiti chake,
Salu chini na chupa na mpira mwembamba.
Pampu. Pampu. Shikilia. Achia.
Upepo ukatoka kwa vipovu, kisha oili nyeusi kama chai ya msibani,
kisha oili safi.
"Bado, shikilia."
Goti likatetemeka. Nikashikilia.

Saa kumi na moja nilikuwa juu Bugando.
Gia ya tatu. Mteremko ukafunguka: mabati, mawe, maji.
Nikakanyaga katikati, bila sababu yoyote,
na gari likakaa kitako, lote, mbele na nyuma pamoja,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kamili.
Bodaboda wa nyuma yangu akanitukania mama.
Alikuwa na haki.

Niliporudi, kijana wa chuma chakavu ameshafika na mizani.
Ngoma mbili: kilo kumi kasorobo.
Shuu akaziweka, akaziondoa, akatafuta patasi,
akaubandua mkanda wa baba, maana mpira hauna bei,
akanitupia mapajani
bila kunitazama, akaendelea kupima.