Utepe wa Tyubu

Saa kumi alfajiri Baba hufunga kifundo cha mkono
kwa utepe wa tyubu ya baiskeli
alioukata mwenyewe, upana wa vidole viwili.
Ncha moja huiuma kwa meno,
nyingine huizungusha: mara tatu chini ya kile kifupa kinachochomoza,
mara moja juu, kisha huuchomeka mkia ndani
na kuupigapiga kama anayelaza mtoto.

Halafu Soko la Wakulima. Malori ya Molo,
lumbesa za viazi, gunia limeshonewa kilemba,
umande wa milimani bado unachuruzika.
Nakuru nzima imelala. Wapagazi wanamwita
Lumadede Mkono wa Raba.

Mimi nasomea viungo. Mwaka wa pili,
koti jeupe la kuazima.

Jumamosi nilimpeleka chumba chetu cha mazoezi.
Nikamfungua. Ngozi chini ya tyubu
ilikuwa imepauka, ina mistari,
kama udongo uliolaliwa na mkeka.
Nikampa kipima mshiko. Finya, Baba.
Akafinya kama anayemkama ng'ombe mkaidi.
Thelathini na nane.
Nikamfunga kwa plasta ya hospitali,
hatua kwa hatua, kama kitabu kinavyotaka.
Finya tena.
Thelathini na nane.

Nikapima mkunjo. Kikiwa wazi, kiganja kiliinama
hadi nyuzi sabini. Kilipofungwa kiligoma kwenye arobaini,
kama mlango uliowekewa kiti kwa nyuma.

Nikamweleza, kwa sauti niliyoiiba kwa mwalimu wangu:
utepe haukopeshi nguvu, Baba.
Unachukua tu. Unachukua barabara
na kukuachia kichochoro.

Alitazama dirishani, vumbi jeupe la ziwa
likipanda kuelekea mjini.
"Hizo nyuzi thelathini unazosema nimepoteza,"
akasema, "humo ndimo lilimonivunjia gunia,
mwaka ule wa mvua, wewe ukiwa darasa la sita.
Sina shughuli huko tena.
Mtu akifunga chumba chenye joka
utamwambia nyumba yake imepungua?"

Nikaandika 38. Nikaandika 38.
Fomu haikuwa na mahali pa kuandika joka.

Leo alfajiri amenigongea ukuta. Jino linamsumbua.
"Njoo unishikie ncha."
Nikashika. Mpira ulikuwa baridi, unanuka lami.
Mzunguko wa pili akasema, kaza.
Nikalegeza, unene wa uzi tu, damu ipite.
Akakunja ngumi. Akakunjua.
"Huo umeulegeza."
"Ndiyo."

Akachukua kofia, akatoka.
Nikamsikia akisimama gizani, karibu na bomba,
muda wa mzunguko mmoja hivi,
kisha viatu vyake kwenye kokoto.