Unene wa Ukuta

Binti wa dukani hakuniuliza nina pesa ngapi.
Aliuliza: "Ukuta wenu una unene gani?"
Nikasimama na kofia mkononi, mtu wa miaka sitini na sita,
mzaliwa wa Gjirokastër, mji wa mawe hadi mapaani,
na kumbe sijawahi kuupima.

Juu ya kaunta akanipangia adapta tatu.
Ya kwanza ndogo kama ukucha wa kidole gumba:
"Hii unaichomeka tu, umemaliza. Ila sikio lake dogo."
Ya pili ina shingo ya kupinda,
inakaa mezani kama kunguru anayevizia makombo.
Ya tatu ni kadi. Inaingia tumboni mwa kompyuta,
inashika ubao mama, na nyuma inatokeza pembe mbili za beberu.

"Mawimbi marefu yanapenya ukuta, lakini hayana haraka," akasema Jonida.
"Mafupi yana mbio, ila yakigonga jiwe yanakata tamaa."
Nikamwambia hata kwetu tulizaliwa wa aina hizo mbili.
Hakucheka. Akauliza ruta iko wapi.

Ruta iko chini, kwa ndugu yangu Vasil.

Zamani palikuwa na waya.
Waya wa buluu, ukipanda kwa tundu la sakafu
tulilolitoboa pamoja, yeye na keekee, mimi na tochi,
mkewe akipiga kelele kwamba vumbi limeingia kwenye jibini.
Kisha yakaja mambo ya paa:
mawe mia mbili na arobaini ya kuezekea,
nani alipe, nani analala upande unaovuja.
Asubuhi moja ya Februari niliukuta waya
umesukumwa wote juu, umekunjwa vizuri,
umefungwa kwa uzi wa jikoni.
Kilichoniuma ni huko kukunjwa vizuri.

Sataranji yangu na bwana mmoja wa Tartu
ikasimama hatua ya thelathini na moja.
Yeye hajui habari za paa.
Anadhani nimekufa, au bado nawaza.

Nikapima dirishani, kwa rula ya chuma
ya enzi zangu za upimaji ardhi: sentimita themanini na tatu.
Nikampigia Jonida. Akanyamaza kidogo.
"Chukua kadi," akasema. "Lakini usiutegemee ukuta.
Elekeza antena kwenye ngazi. Mawimbi nayo hupanda ngazi, kama watu."

Skrubu moja ilianguka chini ya kabati; iko huko mpaka leo.
Nilishika kwanza bomba la chuma, kama nilivyofundishwa,
umeme wa mwilini usije ukaua kitu.
Kadi ikaingia kwenye ubao mama
kwa mlio mdogo, kama goti langu.

Majina yakajipanga kwenye kioo:
hoteli ya ng'ambo ya bonde, duka la dawa,
simu ya mpita njia, ikaonekana, ikapotea.
Na chini kabisa, pau mbili kati ya nne:
POLIKSENI.

Mama yetu.
Miaka yote ile sikujua;
waya hauna haja ya jina.

Kompyuta ikadai nywila.
Nikaandika tarehe aliyozaliwa. Siyo.
Tarehe tuliyomzika. Siyo.
Jina la mbwa tuliyemficha ghalani asimwone. Siyo,
na hapo nikaona haya, kama mtu anayejaribu funguo
usiku, mlangoni kwa nduguye.

Adapta niliichagua vizuri, simlaumu binti.
Inasikia kupita kiasi.
Inasikia hata redio ya Vasil, nadhani,
au hilo ni sikio langu mwenyewe.

Nimevaa viatu.
Ngazi ina vidato kumi na tisa, nayo nimeipima leo.
Nimebeba waya wa buluu, na uzi wake,
niwe na kitu cha kurudisha
akiuliza nimefuata nini.