Futi ya Fundi

Jumamosi, ukumbi wa ghorofani, Kisumu.
Nilifuata pointi, sitajisingizia:
leseni yangu inakufa Desemba,
na miaka ishirini na miwili ya kuchoma sindano
haihesabiki bila cheti kipya.

Mandazi yaliisha kabla ya kufika safu yetu.
Projekta ikagoma, basi mkufunzi,
kijana Khayanga, akaandika kwa chaki:
BAADA YA DAWA.
Nikamnong'oneza Truphosa, kwani kuna baada?
Sisi hufunga faili.

Ndipo akaingia Dorsila Apondi, fundi wa Kibuye.
Gauni lake lilikuwa na mkono mmoja mpana
kuliko wa pili; nilidhani ni mtindo.
Kisha nikamjua. Kitanda namba nane.
Siku ya dozi ya mwisho tulimsindikiza hadi langoni
kwa vigelegele.

Akasema, nilifika nyumbani na vigelegele vyenu.
Vidole havikuijua tena sindano.
Nilijidunga, nisisikie,
nikaja kujua kwa damu
kwenye kitambaa cheupe cha bibi harusi wa watu.
Kitambaa nililipa.
Halafu mkono ukaumuka kama unga wenye hamira.
Nikarudi hapa. Mmoja wenu akaniambia,
Mama, shukuru Mungu u hai.
Nikashukuru.
Mkono haukusikia.

Hakutaja jina. Hakunitazama hata.
Mimi nilitazama viatu vyangu,
vyeupe, vya kazi, nilivyovipaka chokaa jana usiku.

Akavua futi shingoni, ile ya njano
iliyofutika namba za mwanzo,
akampa Khayanga. Tukafundishwa:
kuanzia kifundo, panda sentimita kumi, pima,
panda tena, pima,
mikono yote miwili, si ule mgonjwa tu,
kwani mzima ndio shahidi.
Kila anaporudi. Hata akisema hajambo.
Hasa akisema hajambo.

Zamu yangu ikafika.
Ngozi yake ilikuwa ngumu, ya moto kidogo.
Nikaizungusha futi, nikaikaza,
nadhani nilitaka ipungue.
Usivute, akasema taratibu,
kama anayemwonya mwanagenzi.
Ukivuta, kipimo kinakudanganya,
na mwenye nguo ndiye atakayebanwa.

Nikalegeza.
Thelathini na nne. Ule mzima, ishirini na nane.
Dorsila, nikaanza, siku ile, ni mimi...
Najua, akasema.
Andika kwanza.