Mbegu za Wale wa Kawaida

Babu Kichizo hakuwahi kuwa na hakika na rangi ya maua yake.
Huko Yao, mashariki ya Osaka, kwenye roshani
ya vyungu sitini na paka mmoja asiyealikwa,
alimwita mama saa kumi na moja alfajiri:
"Sumie, njoo! Hili ni buluu au zambarau?"
Mama, miaka tisa, tongotongo machoni,
alitaja, naye akaandika kwa penseli kwenye kijiti.

Jina la ua lile, ukilifungua, ni uso wa asubuhi.
Huchanua kabla ya jua; adhuhuri limekwisha kusinyaa
kama karatasi ya peremende iliyosahauliwa mfukoni.
Babu hakujali yale ya mviringo, yanayoota hata penye ua wa jirani.
Alipenda vituko:
petali zilizochanika nyuzinyuzi,
ua lililojipindua kama mwavuli uliopigwa na tufani.

Lakini kituko hakizai.
Hapo ndipo ufundi ulipo, na uchungu wake.
Lile ua la ajabu, lenye utepe wa tuzo, hufa tasa.
Basi unatunza nini? Unatunza ndugu zake,
wale wa kawaida wasiopigwa picha,
wenye nakala moja nzima na moja iliyovunjika,
nzima ikimsitiri mwenzake.
Wawili katika watatu wanabeba siri. Yupi, hujui.
Chuma mbegu za wote, tia kwenye bahasha, ngoja mwaka.
Kati ya miche minne ya mbebaji, mmoja utatoka kituko,
kwa wastani.
"Na wastani," babu alisema, "si ahadi."
Mwaka mmoja alipata vitano katika ishirini.
Mwaka uliofuata, roshani nzima ya maua mazuri. Alinuna hadi vuli.

Kisha akazaliwa kaka yangu, Tatsuki,
ambaye darasa la kwanza alipaka nyasi rangi ya kahawia
na mwalimu akatuma barua.
Mama aliisoma akiwa amesimama, sufuria ikifoka.
Yeye, aliyezitaja rangi zote za sitini,
alikuwa na kromosomu mbili za X:
ya bibi, nzima, iliyomwonesha dunia;
na ya babu, yenye dirisha lililofungwa,
ambayo hakuihisi hata siku moja
mpaka alipomrithisha mwanawe, na mwana hakuwa na ya pili ya kumwokoa.
Babu alicheka mpaka akapaliwa. "Kumbe ni mimi!"
Halafu hakucheka tena.
Alikwenda kumwagilia maua ambayo hayakuwa na kiu.

Mimi sasa ninashika mkasi usioonekana.
Ni protini; husoma herufi A, T, G, C,
hutambaa, hutambaa, hufika kwenye mstari niliouchagua,
kisha hukata.
Mmea wa zambarau, kizazi kimoja, ukatoa ua jeupe.
Babu angengoja miaka arobaini, au asingepata kabisa.
Nilimpelekea picha. Ana miaka tisini na mmoja.
Nilisubiri amwite mama.
Hakumwita. Aliishika karibu na dirisha,
akasema, "Hili naliona mwenyewe."

Tatsuki, akimenya chungwa kwa kidole gumba:
"Mimi usinikate. Nimeshazoea kuuliza.
Lakini wewe, umewahi kupimwa?"

Sijapimwa.
Sarafu ilirushwa kabla sijazaliwa,
nami bado sijainama kutazama ilivyoangukia.

Leo nimeifungua bahasha ya mwisho ya babu.
Juu yake, kwa penseli, neno moja: *kawaida*.
Mbegu saba, ngumu kama kokoto.
Ninazikwaruza moja moja kwa tupa, pembeni kidogo,
ili maji yapate pa kuingilia.