Lumbesa

Saa tatu kasorobo usiku, Nkuhungu. Upepo umetulia,
umeacha vumbi lake juu ya kibodi.
Nafuta herufi moja moja kwa ncha ya kanga
huku nikihesabu nukta za kijani:
Rwegoshora, Bukoba, yupo.
Bimkubwa, Wete, yupo.
Anyelwisye, Tukuyu,
nukta yake ina rangi ya majivu tangu juzi.

Zamani ningepiga simu. Ningeandika kwa herufi kubwa
UKO WAPI, nikaita huo usimamizi.
Mwaka wa kwanza nilikuwa hivyo: vikao vitatu kwa siku,
kamera wazi, watu wazima wakinionyesha nyuso
kama wanafunzi wanavyoonyesha kucha mstarini.
Nyuso zilikuja. Kazi haikuja.

Mfumo wetu unapima mahindi.
Gunia likipanda mzani Kibaigwa, namba inashukia
kwenye simu ya mkulima kabla dalali hajafungua mdomo.
Ndivyo tulivyouandika. Wiki iliyopita ukagoma,
gunia baada ya gunia, maandishi mekundu: Uzito si halali.
Bimkubwa alipekua msimbo usiku kucha, akaapa hauna kosa.
Na kweli haukuwa na kosa.

Jana nikaenda. Nikasimama kando ya mzani,
nikawapigia, nikawaambia: leo msinitazame mimi.
Nikageuza kamera.
Wakamwona Lechipya, mpimaji, chaki nyuma ya sikio,
na gunia lililoshonewa kilemba hadi halina shingo,
kilo mia moja thelathini na sita.
Sisi tuliandika: mwisho mia.

Kimya. Nilisikia jogoo wa Wete.
Kisha Rwegoshora, taratibu:
"Kumbe sheria tuliisoma, gunia hatukuliona."
Lechipya akacheka bila kugeuka:
"Ukomo mmeuweka kwenye simu.
Mngeuweka kwenye mgongo wa mpakiaji."

Njiani kurudi nikafungua orodha ya kazi.
Chini ya jina la Anyelwisye, kumi na tisa.
Nani alizishona? Mimi.
Kila Ijumaa, kadogo tu, ukipata nafasi,
kilemba juu ya kilemba,
kwa kuwa hakatai,
kwa kuwa Tukuyu ni mbali
na mgongo hauonekani kwenye skrini.

Nimeziondoa kumi na mbili. Nne nimezichukua mimi,
mbili amezidaka Bimkubwa kabla sijamwomba,
sita, kusema kweli, hakuna aliyezihitaji.
Sikuandika hotuba. Nikamwandikia:
Gunia lako nimelishusha. Zimebaki saba, anza na unayoitaka.
Makosa yalikuwa yangu. Ukiamka, amka.

Sasa saa tano. Vumbi limerudi kwenye kibodi.
Nukta bado majivu, na mimi sipigi simu,
mkono nimeukalia.

Saa saba usiku simu inatetemeka juu ya stuli:
"Nimeiangalia video. Yule dada anaandika uzito kwa chaki
kwenye gunia kwanza, ndipo anabonyeza.
Mikono yake imejaa unga. Tumwekee namba kubwa zaidi."

Siku tatu tumetazama mahindi.
Yeye ametazama mikono.

Naisoma mara mbili, nazima taa.
Nitamjibu asubuhi, saa za kazi.