Divai Kavu

Tulichanga elfu arobaini,
wanafunzi saba wa zamani wa Madamu Leokadia Nyanzobe,
aliyefundisha Kifaransa miaka thelathini na moja
kwenye darasa la bati kule Nyakato
ambako mvua ikinyesha husikii kitenzi.
Anastaafu. Hajawahi kuionja
ile divai nyeupe ya kitabuni, somo la tisa, Mgahawani.

Nikatumwa mimi,
eti kwa kuwa napanga minofu ya sangara kiwandani
na maboksi mengine huandikwa Ufaransa.
Kana kwamba samaki akienda
divai hurudi kwa tiketi ileile.

Duka la kwanza, barabara ya Kenyatta:
chupa yenye picha ya kasri, laki na ishirini.
Niliishika kama mtoto wa watu,
nikairudisha taratibu.
La pili, jirani na Makoroboi:
chupa imekaa dirishani tangu Pasaka,
rangi imekuwa ya chai ya mgonjwa.
Hii ya Ufaransa?
Ya Ulaya.
Ulaya ipi?
Dada, Ulaya ni Ulaya.

La tatu, Kirumba, mtaa wa nyuma,
Jitesh, mzaliwa wa hapa hapa,
Kisukuma chake kinanitia aibu.
Akasema: Usinunue kasri, utalipia matofali.
Wala chupa nzito. Kioo hakinyweki.
Tafuta jina la kijiji asichokijua mtu,
mwaka wa karibuni,
na rafu isiyoona jua.
Akachuchumaa. Nyuma ya maboksi ya juisi
akavuta chupa nyembamba ya kijani, ina vumbi.
Ya wavuvi hii, akasema, kule mto unapokutana na bahari.
Wanashushia chaza.
Elfu thelathini na nne.
Lebo imeliwa na mende, nakutolea mbili.

Kwa nane iliyobaki nikapata Mwaloni
sato mmoja wa wastani, na ndimu.

Jumamosi, Luchelele, juu ya mawe.
Chupa ndani ya ndoo
na barafu ya kiwandani, inanukia sangara, tusamehewe.
Kizibo kilimshinda kila mtu
mpaka Lugembe, fundi pikipiki,
alipokuja na skrubu na plaizi.

Lugembe huyu huyu, kidato cha pili,
Madamu alipoandika ubaoni *sec*, yaani kavu,
alinyoosha mkono:
Madamu, kimiminika kitakuwaje kikavu?
Darasa zima tukacheka.
Yeye akasema, Ndivyo wasemavyo wenyewe,
akafuta ubao
kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji kufutwa.

Sasa akanywa.
Kwanza akakunja uso, kama aliyeng'ata ndimu.
Akanywa tena.
Hakusema kitu. Sato akawa anapoa.

Lugembe.
Ndiyo, Madamu.
Tazama jiwe lile la mbele.
Wimbi linalipanda. Haya. Linarudi.
Jiwe linang'aa, umeliona?
Halafu linaanza kukauka, kuanzia juu,
na ndipo unapotamani wimbi jingine.
Basi. Ulimi wangu ndilo jiwe hilo.
Nilikuwa nadaiwa jibu lako.

Lugembe akainamia plaizi yake.

Imegharimu kiasi gani? akaniuliza.
Nikamtajia, pamoja na punguzo la mende,
akacheka hadi akaweka glasi chini.
Kisha akaipangusa chupa kwa pindo la kitenge,
akavaa miwani,
akasoma lebo kwa sauti ya darasani,
hata zile herufi zilizokwisha kuliwa.
Tukaitikia, watu wazima saba, mmoja ana wajukuu.

Mimi nilikosea neno la pili.
Akanirudisha.
Mara tatu.